Nusu Dumu la Maji ya Bahari: Klorini Inapokutana na Chumvi na Majani

Shangazi yangu anakaa Jambiani, pwani ya Unguja, na uani kwake kuna maji ya namna mbili. Ya kisima ni meupe, yana chumvi kwa mbali. Mgeni huishtukia, mwenyeji keshaizoea. Ya mvua huyakinga chini ya banda la makuti la jikoni, na rangi yake ni ya chai iliyozidishwa maji. Masika yaliyopita nilimkuta akitia dawa kwenye ndoo mbili za lita 20, kidonge kimoja kila ndoo, akazifunika, tukakaa barazani kungoja nusu saa. Tulipofunua, ndoo ya kisima ilinuka klorini kama kawaida. Ya makuti haikunuka kitu.

"Kidonge kibovu hichi," akasema.

Nikamwambia kidonge kizima, ila kimeliwa.

"Kimeliwa na nani, mwanangu?"

Nilimjibu kwa ufupi siku ile, na jibu langu lilikuwa nusu. Hapa nataka kulimaliza, kwa sababu ndani ya ndoo zile mbili mna karibu kila kitu kinachowasumbua wataalamu wa maji linapotajwa suala la kemikali zinazozaliwa maji yakitiwa dawa.

Klorini haina macho. Ikiingia majini hugeuka asidi haipoklorasi, na asidi hiyo hushambulia chochote kinachoweza kuungua: ngozi ya kijidudu cha kipindupindu, chuma kilichoyeyuka, amonia, na zaidi ya vyote utomvu wa majani yaliyooza. Rangi ile ya chai inatokana na mabaki ya mimea, yaani mboji iliyoyeyuka, na imejaa kaboni. Kidonge kimoja cha kawaida kwenye lita 20 hutoa klorini ya kama miligramu 2 kwa lita. Maji ya kisima safi hula sehemu ndogo ya hiyo, na inayobaki ndiyo tunayoinusa, ndiyo inayolinda. Maji ya makuti huimaliza yote kabla haijapata nafasi ya kuua kitu.

Sasa, hicho kilicholiwa hakikupotea. Klorini inapoivunjavunja mboji, vipande vingine huondoka na klorini mgongoni. Kimojawapo ni klorofomu, ile ile iliyotumika zamani kuwalaza wagonjwa wa upasuaji. Nyingine ni ndugu zake; kwa pamoja zinaitwa trihalomethani, na zipo nne. Lipo pia kundi la asidi za haloasetiki, na baada ya hapo orodha inakwenda hadi mamia ya majina ambayo hata wakemia hawajamaliza kuyapima. Mimi nitayaita yote mazao ya klorini, kwa kuwa ndivyo yalivyo: shamba ni mboji, mkulima ni klorini.

Habari hii haina umri mkubwa. Maji ya mabomba yametiwa klorini tangu mwanzoni mwa karne ya 20, lakini mpaka 1974 haikujulikana sana kwamba klorofomu huzaliwa ndani yake. Mwaka huo mkemia wa shirika la maji la Rotterdam, Johannes Rook, alionyesha kwamba klorofomu haikuwa ikitoka viwandani kuja mtoni, bali ilikuwa ikizaliwa ndani ya mtambo wenyewe wa kusafisha maji, klorini inapokutana na rangi ya asili ya maji. Mwaka huo huo Wamarekani nao wakaiona kwenye maji yao, na kufikia 1979 wakaweka kikomo cha mikrogramu 100 kwa lita kwa jumla ya trihalomethani zote nne. Baadaye wakakishusha hadi 80.

Mikrogramu ni nini? Chukua chembe ya gramu moja, igawe mara milioni. Shirika la Afya Duniani limeweka mwongozo wa mikrogramu 300 kwa lita kwa klorofomu, 100 kwa bromofomu, 100 kwa dibromoklorometheni na 60 kwa bromodiklorometheni. Na kwa kuwa zote nne huja pamoja, kila moja hugawanywa kwa kikomo chake, kisha majibu hujumlishwa, na jumla isizidi 1. Ni kama wapangaji wanne wanaotumia mita moja ya umeme: kila mmoja anaweza kuwa ndani ya haki yake, na bili bado ikawashinda.

Vikomo hivi vimepangwa kwa mtu anayeyanywa maji hayo umri wake wote. Glasi moja haimdhuru mtu. Kinachohofiwa ni miaka na miaka, na ugonjwa uliotajwa zaidi katika uchunguzi wa watu ni saratani ya kibofu, ingawa uhusiano wenyewe si mkali na ubishi haujaisha.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji wa Unguja na Pemba atulie kidogo. Kwetu saratani ya kibofu ina sababu nyingine, na juu ya hiyo hakuna ubishi wowote: kichocho cha mkojo. Mdudu wa kichocho huishi ndani ya konokono wa madimbwi na vijito, na mtoto anayeoga kijitoni au kuchota maji humo huanza safari ambayo, isipotibiwa, inaweza kuishia kwenye saratani hiyo hiyo. Mtoto akikosa maji ya mfereji kwa sababu mkubwa wake amesikia kwamba dawa ya mfereji "ina sumu", akaenda kijitoni, amekimbia hatari ndogo yenye shaka na kuifuata kubwa iliyothibitishwa. Kipindupindu sijakitaja bado. Wimbi la 1869 na 1870 liliua maelfu Unguja, na daktari wa wakati huo, James Christie, aliandika jinsi lilivyopita mjini. Ugonjwa umerudi mara kadhaa tangu 1978, na Zanzibar ina mpango wa miaka kumi, 2018 hadi 2027, wa kuutokomeza. Mpango wa namna hiyo hauwezi kusimama bila klorini.

Kuna hadithi inayopenda kusimuliwa kuhusu jambo hili, ya Peru mwaka 1991. Husemwa kwamba wakuu wa maji kule walipunguza klorini kwa kuogopa mazao yake, kipindupindu kikaingia, na katika mwaka huo mmoja wakaugua watu zaidi ya laki tatu. Waliokuja kuichunguza habari hiyo baadaye wameitilia shaka: wanasema mabomba ya kule yalikuwa yamechakaa na klorini haikuwa ikitiwa ipasavyo tangu zamani, kwa sababu za fedha na uzembe kuliko hofu ya saratani. Naiamini zaidi simulizi hii ya pili. Kwa vyovyote, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani umenyooka: usiguse usalama wa kuua vijidudu kwa ajili ya kupunguza mazao ya klorini.

Kwa hiyo mazao hupunguzwa kwa njia gani, ikiwa dawa haipunguzwi? Hupunguzwa kabla dawa haijatiwa. Na hapa kisiwa kina mambo yake ambayo vitabu vya Ulaya huyapitia haraka.

Turudi kwenye ndoo ya kisima, ile iliyonuka vizuri. Shangazi alidhani hiyo ndiyo isiyo na mashaka. Kwa vijidudu, naam. Lakini ile chumvi ya kwa mbali ina jambo. Maji ya bahari yana bromidi, kama miligramu 67 kwa kila lita. Bromidi peke yake ni pole, haimsumbui mtu. Klorini ikiikuta huigeuza bromini, na bromini hushikana na mboji upesi kuliko klorini yenyewe. Mazao hapo hubadilika: badala ya klorofomu huanza kutoka bromofomu na nduguze wenye bromini. Hizo ni nzito zaidi. Chembe moja ya bromofomu ina uzito wa zaidi ya mara mbili ya chembe ya klorofomu, kwa hiyo idadi ile ile ya chembe huupandisha uzito wote kwenye mizani, na vikomo vyake, kama tulivyoona, ni vya chini zaidi.

Chumvi kiasi gani inatosha? Chukua tangi la lita 1,000, lile la plastiki linalokaa juu ya mnara uani. Tia ndani yake lita 10 za maji ya bahari, yaani nusu dumu. Ni asilimia 1. Bromidi yake sasa ni miligramu 0.67 kwa lita, nyingi kuliko ya mito na visima vingi vya bara. Na chumvi yake? Kloridi, sehemu ya chumvi ya kawaida, imefika karibu miligramu 190 kwa lita, na ulimi wa watu wengi huanza kuitambua baina ya 200 na 300. Maana yake nusu dumu la bahari linaweza kuwamo tangini na mnywaji asilijue, au alijue kama shangazi, "chumvi kwa mbali".

Na nusu dumu hilo huingia kwa mlango gani? Hapa Unguja, hasa upande wa mashariki na kusini kwenye uwanda wa mawe ya matumbawe, maji baridi yamelala juu ya maji ya bahari chini ya ardhi, kama mafuta yanavyolala juu ya mchuzi. Jiwe lenyewe limejaa matundu. Kanuni wanayoitumia wataalamu wa maji ya chini ni kwamba kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inabebwa na kama mita 40 za maji baridi zilizo chini yake. Igeuze kanuni uone hatari yake: pampu ikishusha usawa wa kisima kwa mita 1 na ikaendelea hivyo, mpaka wa chumvi unaweza kupanda hadi mita 40. Haupandi siku moja. Hupanda wakati wageni wamejaa hotelini na masika yamechelewa, pampu zinakwenda usiku kucha, na kila mtu ana kisima chake alichokichimba bila kumuuliza jirani. Kijiji kinapolalamika kwamba maji yamekuwa na chumvi, husikika kama malalamiko ya ladha tu. Nadhani ni malalamiko ya kemia pia. Kuzuia pampu isizidi kipimo ni njia ya kupunguza bromofomu, ingawa sijawahi kuona mtu akiiorodhesha hivyo.

Bahati yetu ni kwamba chumvi bila mboji haitoi mavuno makubwa. Maji ya chini ya ardhi kwa kawaida yana mboji kidogo kuliko ya mto. Lakini jiwe la matumbawe halichuji kama mchanga unavyochuja. Mvua kubwa ikipiga, maji ya juu hupenya kwa nyufa na kufika kisimani pamoja na majani. Na kwenye mapango ambamo watu wamechota maji vizazi na vizazi, kuna popo, na kinyesi cha popo ni mboji pia. Pemba hali ni tofauti: vilima, udongo mwekundu, vijito mabondeni. Chumvi ni shida ya pwani zaidi, lakini kijito cha masika kina rangi, na rangi ndiyo shamba.

Kuitoa rangi kabla ya klorini ndiyo kazi kubwa ya mtambo wa maji popote duniani. Njia kongwe ni shabu. Shabu ikitiwa na kukorogwa hufanya madonge, madonge hukusanya uchafu na sehemu nzuri ya mboji iliyoyeyuka, yote yakazama chini. Baada ya hapo mchanga wa kuchujia, ndipo klorini. Mitambo ya zamani ilitia klorini mwanzoni kabisa, kwenye maji ghafi. Kuisogeza tu kutoka mwanzo hadi mwisho kumewapunguzia wengi mazao yao bila gharama kubwa. Nyumbani, watu wengi wa Afrika Mashariki wanazijua mbegu za mlonge: husagwa, hutiwa majini, tope likashuka. Ni kweli hushuka. Ila unga ule huacha ndani ya maji utomvu wake mwenyewe, na utomvu huo ni chakula kipya cha klorini. Anayetumia mlonge na dawa pamoja ayamimine maji yaliyotulia kwenye chombo kingine taratibu, bila kutibua tope, na asiyaweke siku nyingi.

Halafu yanakuja matangi, na hapa tunajiharibia wenyewe. Maji ya mgao huja usiku, tunajaza, tunayakalisha siku tatu, nne. Tangi jeusi juu ya mnara, jua la saa saba mchana. Mazao ya klorini hupenda vitu vitatu: joto, muda na chakula, na tangi la hivyo lina vyote. Ukipitisha kidole ndani ya tangi lisilooshwa mwaka mzima utaukuta utelezi. Ule ni vijidudu vilivyojijengea nyumba, na chini yake tope la kahawia. Mwenye tangi akisikia habari ya kipindupindu anapanda na kumimina klorini kwa makisio. Niliwahi kulala kwenye nyumba moja ya wageni, jina lake silitaji, ambako maji ya kuogea yalichoma macho kwa siku mbili, na siku ya tatu yakanuka kama mtaro. Mlinzi aliniambia, "Tumetia ya kutosha, kaka." Alitia, kweli. Tope lilikuwa pale pale. Siku ya kwanza tulioga klorini, siku ya tatu hapakuwa na klorini wala usalama, na siku zote trihalomethani zilikuwa zikipanda na mvuke wa maji ya moto, kwa sababu hizo hupenda kuruka hewani na huingia mwilini kwa pumzi na kwa ngozi pia, si kwa kunywa tu. Tangi lingesuguliwa kwanza, robo ya dawa ile ingetosha.

Dawa yenyewe nayo huzeeka. Klorini ya maji inayouzwa kwa madumu hufa haraka kwenye joto. Kila nyuzi 10 zinazoongezeka, kasi ya kufa huwa kama mara tatu au zaidi. Na ikifa hugeuka kwa sehemu klorati, kitu kingine chenye kikomo chake, miligramu 0.7 kwa lita. Mtu anaona dawa imekuwa hafifu, anazidisha, na kila kijiko cha ziada kinaleta klorati zaidi. Klorini ya unga hukaa vizuri zaidi ikiwekwa pakavu, gizani, mbali na mafuta na asidi. Mwenye lazima ya kutumia ya maji anunue kidogo kidogo, aiweke kivulini, na kama amenunua kali aizimue mapema, kwani ikiwa nyepesi hufa polepole.

Wauzaji wa mitambo wana majibu yao. Mionzi ya urujuanimno huua vijidudu bila kuzaa mazao ya maana, na huviweza hata vile vinavyoidharau klorini, lakini haiachi ulinzi wowote ndani ya bomba, na umeme ukikatika imekwisha. Klorini iliyochanganywa na amonia huzaa trihalomethani chache, ni dhaifu, na inataka mtu wa kuisimamia kila siku. Ya kuogopa zaidi kwetu ni ozoni. Inasifiwa kuwa haina klorini, na mwenye hoteli ya pwani husikia hivyo akafurahi. Ozoni ikikuta bromidi huigeuza bromati. Kikomo cha bromati ni mikrogramu 10 tu kwa lita, haichemki ikaondoka, haina harufu. Kwenye kisima chenye nusu dumu la bahari, ozoni ndiyo chaguo baya kuliko yote.

Kichujio cha makaa maalumu hunasa trihalomethani vizuri mpaka kishibe. Kikishashiba hupitisha, na hakuna taa inayowaka kukuambia. Makaa ya jikoni si hayo. Na kwa kuwa kichujio huondoa klorini pia, maji yaliyokwisha kuchujwa yasilazwe. Kuchemsha kunafanya kazi mbili: huua vijidudu na kurusha sehemu kubwa ya trihalomethani, dirisha likiwa wazi. Asidi za haloasetiki hubaki kwa sehemu kubwa.

Jambo dogo la mtungi, kwa sababu shangazi aliniuliza. Yeye hufukiza mtungi kwa ubani kabla ya kuujaza, na analalamika kwamba maji yenye dawa huharibu harufu, yanakuwa na ladha ya hospitali. Moshi una fenoli, na klorini ikikutana na fenoli huzaa klorofenoli, ambayo ulimi huitambua ikiwa kidogo mno. Nashuku ndiyo hiyo. Nilimshauri dawa ifanye kazi kwenye ndoo kwanza, maji yalale usiku, asubuhi ndipo yaingie mtungini.

Kupima trihalomethani kwenyewe kunataka mashine ya maabara, na si kazi ya uani. Lakini vitu vitatu vinavyozizalisha hupimika kwa bei ya chini: rangi kwa jicho, chumvi kwa kifaa cha mkononi kinachopima jinsi maji yanavyopitisha umeme, na klorini iliyobaki kwa kidonge kinachogeuza maji kuwa ya waridi. Kisima ambacho kipimo chake cha umeme hupanda kila kiangazi kinatoa taarifa miezi mingi kabla ulimi haujajua.

Niliporudi Jambiani nilikwenda na vidonge hivyo vya waridi. Tulitia dawa ndoo zote mbili tena, tukangoja barazani, tukapima. Ya makuti ilibaki na rangi yake ya chai, hakuna waridi hata chembe. Akaniangalia, akaibeba mwenyewe, akaimwagia migomba. Ya kisima iligeuka waridi kali. Akaifunika, akaniambia nilale, tuipime tena kabla ya chai. Asubuhi waridi lilikuwepo, limepauka kidogo tu, na maji yakaenda mtungini.